Uvimbe Uliokufa Bila Kusinyaa

Mgonjwa wa saratani ya ini akirudi kwetu Iguguno, mkoani Singida, kutoka hospitali kubwa, ndugu wanaokuja kumjulia hali huuliza kwanza: uvimbe umepungua? Ni swali la haki. Madaktari nao waliliuliza kwa miongo mingi, hadi ini lilipowalazimisha kuuliza lingine.

Kabla ya picha za kisasa, kipimo kilikuwa mkono. Daktari alipapasa chini ya mbavu na kukadiria ini limetokeza kiasi gani. Mwaka 1976 watafiti Charles Moertel na James Hanley waliupima mkono huo wenyewe. Waliweka mipira 12 juu ya godoro laini, wakaifunika kwa sponji, wakawaita mabingwa 16 wa saratani waipapase na kutaja ukubwa wake. Majibu yalipishana. Ikawa wazi kwamba badiliko dogo lingeweza kuwa kosa la vidole tu, wala si kazi ya dawa. Ndiyo maana kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1979 ilidai uvimbe upungue kwa asilimia 50, urefu ukizidishwa kwa upana, ndipo tiba ihesabiwe kuwa imefanya kazi.

Mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa waasisi wa CT scan: Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 akiwa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Sasa uvimbe ulionekana, ukapimwa kwa milimita. Kanuni mpya ya mwaka 2000, RECIST, ikatosheka na urefu peke yake, upungue kwa asilimia 30.

Ini likaikataa. Mwaka 2008 utafiti wa dawa ya sorafenib, uliohusisha wagonjwa 602, ulionyesha kuwa waliotumia dawa waliishi miezi 10.7 kwa wastani wa kati, wengine 7.9. Lakini kwa RECIST, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa asilimia 2 tu ya waliotibiwa. Rula ilisema dawa karibu haifanyi kitu, na watu walikuwa wakiishi zaidi.

Siri iko kwenye damu. Ini lenye afya hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa mshipa unaotoka kwenye utumbo, ilhali saratani hunywa kutoka ateri. Dawa ya kung'arisha picha ikidungwa mkononi, baada ya sekunde kama 30 uvimbe hai hung'aa kuliko ini, kisha hufifia. Uliokufa haung'ai, hata ukibaki na ukubwa uleule. Mwaka 2010 Riccardo Lencioni na Josep Llovet waliiandika upya kanuni: ipimwe sehemu inayong'aa peke yake.

Haya yanatuhusu Singida. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa jirani, kupitia mahindi yaleyale tunayohifadhi ghalani; sumu hiyo na homa ya ini B ni vyanzo vikuu vya saratani hii. Chanjo ya homa hiyo kwa watoto wetu ilianza 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Mwaka 2018 Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa radiolojia tiba, fani ya wanaopitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe ili kuutibu. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 ikanunua CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa.

Nafurahia mashine hizo kwa moyo wote. Ila picha ya ini iliyopigwa bila dawa ya kung'arisha, au kwa sekunde zisizo zake, haiwezi kutenganisha uvimbe hai na mfu. Naye anayeondoka Iguguno kwenda kupigwa ya pili aibebe ile ya kabla ya tiba, picha zenyewe na siyo karatasi ya majibu tu, kwa sababu daktari atazilinganisha moja kwa moja.