Madaftari ya Kanisa Yaliyoandika Majina Kabla ya Serikali

Mzee wa Kegonga, mji wa Wakuria katika Migori, aliyezaliwa zama za ukoloni huenda hakuwahi kupata cheti cha kuzaliwa, lakini esaro yake anaijua. Esaro ni rika la waliotahiriwa pamoja, na kila rika lina jina lake. Juu ya marika hayo yapo amakora, vizazi vinavyopokezana katika mizunguko miwili ya Abasai na Abachuma. Kwa hesabu hiyo Wakuria walijua nani amtangulie nani barazani, pasipo kalamu wala karatasi.

Kanisa lilikuja na hesabu ya namna nyingine: tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama, la wadhamini, na sahihi ya kasisi. Desturi hiyo Waanglikana waliirithi kutoka Uingereza, ambako mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parishi iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi.

Katika Nyanza, magharibi mwa Kenya, daftari hilo lilifika kwa mkono wa Church Missionary Society (CMS), shirika la wamishonari wa Kianglikana. Mwaka 1906 mmishonari wake J. J. Willis alianzisha kituo cha Maseno, na mwaka huohuo Waadventista Wasabato wakafungua Gendia, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria. Kusini mwa ghuba Wasabato na Wakatoliki ndio waliotangulia kupata nguvu, na Waanglikana wakabaki wachache. Ndiyo maana katika kaunti za Migori na Homa Bay familia moja inaweza kuwa na kumbukumbu zake katika madhehebu matatu.

Anayetafuta jina la babu yake katika vitabu vya Anglikana hana budi kwanza kujua askofu wa wakati ule alikaa wapi. Hadi 1921 makanisa ya Nyanza yalikuwa chini ya askofu wa Uganda, cheo ambacho Willis mwenyewe alikipata mwaka 1912. Kisha yakahamishiwa Dayosisi ya Mombasa, mamia ya kilomita mashariki. Mwaka 1961 ikazaliwa Dayosisi ya Maseno, na askofu wake wa kwanza akawa Festo Olang', aliyewekwa wakfu Kampala mwaka 1955 kuwa askofu msaidizi. Olang' alipofanywa askofu mkuu wa kwanza wa Kenya mwaka 1970, Maseno iligawanywa kuwa Kaskazini na Kusini. Hatimaye, mwaka 1993, Dayosisi ya Southern Nyanza ikaanzishwa, makao yake yakiwa Homa Bay.

Kila mgawanyo uliwaletea waumini askofu wa karibu zaidi, ila haukuhamisha yaliyokwisha kuandikwa. Parishi inapozaa nyingine, ile mpya hufungua daftari jipya na la zamani hubaki kwa parishi mama. Barua na ripoti za wamishonari wa CMS nazo zilivuka bahari, na leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham.

Thamani ya vitabu hivi ilidhihirika Uganda. Watafiti wa historia ya uchumi walichambua ndoa zaidi ya 14,000 zilizoandikwa na Waanglikana wa Kampala kati ya 1895 na 2011. Kwa kuwa kila ukurasa ulitaja kazi ya bwana harusi na ya baba yake, waliweza kufuatilia jinsi watoto wa wakulima walivyogeuka makarani, walimu na mafundi. Ni vigumu kupata ofisi ya serikali iliyoandika habari hizo za watu wa kawaida kwa miaka mingi namna hiyo.

Serikali ya Kenya nayo ilichelewa kuandika watu wake. Wazungu waliandikishiwa vizazi vyao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ni mwaka 1971 tu ambapo usajili wa lazima ulienea nchi nzima. Katikati ya miaka hiyo, kwa Wakristo wengi wa mashambani, kadi ya ubatizo ilikuwa mojawapo ya karatasi chache zenye jina lao.

Kwa Wakuria jina hilo lina uzito wa pekee. Chacha, Mwita, Marwa, Gati, Boke na Robi hurudi kizazi baada ya kizazi, hivyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mwita Chacha kadhaa. Jina la ubatizo, likiandikwa pamoja na majina ya wazazi wote wawili, humtofautisha mmoja na mwenziwe. Pia humwandika mama, ambaye orodha za walipa kodi za wakoloni hazikuwa na haja naye.

Mpaka nao una sehemu yake. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro, uliwakata Wakuria vipande viwili, ingawa kuoana hakukukoma. Upande wa Tanzania, Dayosisi ya Mara ilianzishwa 1985, na ile ya Tarime ikatoka kwake 2010. Kwa hiyo familia ya Kegonga iliyooa Tarime inaweza kuwa na ubatizo wa bibi kwa askofu mmoja na wa babu kwa mwingine, katika nchi mbili.

Wakati huohuo mchwa, panya na paa linalovuja havisubiri. Kasisi huhamishwa baada ya miaka michache, na kabati la sakristia hubadilisha mikono. Kupiga picha kila ukurasa kwa simu, kutunza nakala moja parishini na kupeleka nyingine Homa Bay, ni kazi ambayo vijana wa kanisa wanaweza kuianza Jumapili hii, wakianza na daftari la zamani kuliko yote.