Uvimbe fiche mwilini na siha ya wazee
MTU anapojikata kwa kisu, kidonda huvimba, huwa chekundu na kupata joto. Hiyo ni kinga ya mwili ikipambana na viini. Kazi ikiisha, uvimbe hutulia.

Kwa wazee wengi, hata hivyo, kinga hiyo haitulii. Hubaki ikifukuta chini kwa chini bila maumivu, ikidhuru mishipa ya damu na ubongo. Mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake waliipa hali hiyo jina mnamo 2000. Mafuta ya tumboni, sigara na ugonjwa wa ufizi huichochea.

Je, ni lazima kila mzee apatwe? Utafiti wa 2025 ulibaini kuwa uvimbe huo huongezeka na umri nchini Italia na Singapore. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, ambao wengi wana minyoo, ulikuwa juu lakini haukuandamana na umri wala maradhi sugu.

Kuuzima kwa dawa nako kuna gharama. Mwaka 2017, katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, sindano ya canakinumab ilipunguza mishtuko mipya, ila vifo vya maambukizi vikaongezeka.