Karatasi Kabla ya Mkasi

Wakurya wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, zamani walivaa ngozi, na umbo la ngozi huamuliwa na mnyama kuliko mvaaji. Shuka ya dukani ilipofika, nayo haikudai mkasi: ilifungwa begani, basi. Nguo ya kukatwa na kushonwa ilipata nguvu kupitia milango miwili, misheni na jeshi. Wamisionari wa Kimenonaiti walifika Shirati, upande wa Ziwa Victoria, mwaka 1934. Nao vijana wengi wa Kikurya waliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambako kaptula ya kaki ilitolewa kwa saizi. Hakuna aliyekuja kumpima askari nyonga.

Nyuma ya saizi kuna mtu ambaye mvaaji hamwoni, mchora pateni, yaani michoro ya vipande vya nguo inayofuatwa wakati wa kukata. Huko Marekani, mwaka 1863, fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza pateni za karatasi zenye saizi, akatajirika. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mwili una mabonde na vilima, karatasi ni bapa. Lazima mchoraji aache nafasi ya mshono, ajue kitambaa kinavutika upande upi, kisha akuze saizi. Na saizi haikui sawasawa, maana kiuno huongezeka zaidi kuliko bega. Hapo ndipo wengi hukwama. Kwangu mimi ufundi umo humo; cherehani hufuata tu.

Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Sare za watoto hao zikawa kazi ya msimu kwa mafundi. Fundi wa barazani hawezi kupima shule nzima mtoto mmoja mmoja. Huchora kaptula na sketi kwenye gazeti au mfuko wa saruji, kisha huvitundika vipande msumarini hadi mwaka ujao. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, mitumba ilimnyang'anya wateja, ingawa ilimfundisha pia: hufumua koti kuukuu, hulaza vipande mezani, kisha huvichora kimoja kimoja.

Desemba, wazazi wanapotafuta sare, ndiyo pia msimu wa ukeketaji katika koo nyingi za Tarime na Serengeti, licha ya sheria ya 1998 kuukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa binti na nusura afe, alianzisha shirika la Hope for Girls and Women mwaka 2017. Katika nyumba salama za shirika hilo, ikiwemo ya Mugumu, mabinti waliokimbia kisu hufundishwa ushonaji.

Binti anayejua kushona tu atapokea kazi ya viraka na zipu. Anayejua kuchora pateni anaweza kuchukua oda ya sare za shule nzima. Kwa hiyo unayetaka kuwachangia mabinti hawa cherehani, ongeza meza ya kukatia, rula, na posho ya mwalimu wa kuchora.