Kalafati

Jahazi jipya la Sur, mji wa mafundi wa vyombo mashariki mwa Omani, haliingii majini kabla ya kukalafatiwa. Pamba iliyoloweshwa mafuta husokotwa, ikashindiliwa kwa tindo na nyundo katika kila upenyo wa mbao, taratibu, maana palipopuuzwa ndipo maji yatakapopita. Neno kalafati tulilipata kwa Waarabu, kama deheni, ile shahamu na chokaa ipakwayo chini ya chombo. Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa mjini humo. Nasi tulihifadhi neno. Kuandika “kuziba nyufa” ni kuipunja kazi hii: nyufa huzibwa ukutani, chombo hukalafatiwa. Waandishi wenzangu, tuandike hivyo.