Kioo cheusi: laptopu yangu, fundi wa Majimoto na mwaka 1974

Najua nimepotea, ila safari hii nina sababu. Laptopu yangu ilizima kioo nikiwa nyumbani Majimoto, kule Katavi, zikiwa zimebaki siku tisa kukabidhi ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Ripoti yote ilikuwa humo humo. Flashi? Msiniulize.

Ilikuwa hivi. Kutoka Mpanda mjini kuja kwetu unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ndipo unaitafuta Kibaoni na kuendelea. Begi nililipakata njia nzima, lakini mtikisiko ule anaujua aliyepanda. Usiku nikaiwasha: kitaa cha pembeni kinawaka, feni inazunguka, hata ule mlio wa kufunguka nikausikia. Kioo cheusi tii. Nikampigia fundi mmoja wa mjini nikamweleza. Akajibu bila hata kuiona: "Mazabodi hiyo imekufa, tafuta mashine nyingine."

Mama alikuwa anasikiliza. Hakusema neno, akainuka na tochi kwenda kuhesabu magunia ya mpunga. Jamani nilijisikia vibaya. Mpunga ule ndio chakula, ndio sare na madaftari ya wadogo zangu.

Kesho yake nikaenda sokoni kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu." (Kwetu ukishaingia chuo kusomea ualimu tu, jina limeshabadilika.)

Nilitegemea achukue bisibisi, kumbe akachukua tochi. Akaiwasha laptopu, akakimulika kioo kwa upande, akainama kama anayetafuta sindano. "Njoo uone." Nikachungulia. Picha yangu ya mahafali ya kidato cha sita ilikuwepo pale, hafifu kama kivuli ndani ya maji! "Mashine yako nzima na kioo kizima," akasema. "Taa ndiyo haipati umeme."

Sasa kwa nini tochi? Mimi nasomea kufundisha Historia, kwa hiyo sikuweza kuliacha hivi hivi.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer, kule Prague, alikuwa anapasha moto kitu kilichotokana na karoti. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi kikayeyuka na kuwa kama uji wenye ukungu. Kufika 178.5 ukungu ukatoweka, kikawa safi kabisa. Yaani kiliyeyuka mara mbili! Katikati ya hapo kilikuwa kinatiririka kama maji, lakini molekuli zake zimejipanga kama za fuwele. Fuwele hizo za majimaji zilibaki mambo ya maabara kwa miaka 80. Mwaka 1968 ndipo kampuni ya RCA ya Marekani, kwa kazi ya George Heilmeier na wenzake, ilipoonyesha hadharani vioo vinavyozitumia. Mwaka 1973 Sharp ya Japani ikaziweka kwenye kikokotoo.

Hapa pana jambo la kushika: fuwele hizi hazitoi mwanga. Ni kama pazia, kazi yake kuruhusu mwanga upite au kuuzuia. Kompyuta ya kubeba ya Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na bomba dogo la televisheni la inchi 5, linalotoa mwanga lenyewe, na mzigo mzima ulikuwa kama kilo 11. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ikaja na kioo cha fuwele, nyembamba na nyepesi zaidi. Ili pazia lionekane vizuri, laptopu zilizofuata zikawekewa taa nyuma yake: kwanza kijitaa chembamba cha ukoo wa tyubulaiti chenye inveta yake, halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 vitaa vya LED vikachukua nafasi.

Kwa hiyo ndani ya kioo kimoja kuna pazia na kuna taa. Kimoja kinaweza kufa kingine kikabaki kizima. Tochi ya mzee ilishika tu nafasi ya taa iliyozimika.

Lakini swali lililonikalia kichwani ni lingine: mzee wa Majimoto ameyajulia wapi haya?

Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Masharti hayo yalikuja kulegezwa taratibu baadaye. Televisheni nayo, wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, huku bara tulisubiri mpaka 1994. Fikirieni basi: kijana wa bara aliyependa ufundi miaka ile alikuwa na kitu gani cha kufungua? Redio tu.

Mzee alijifunzia redio Sumbawanga, enzi hizo kwetu bado ni Mkoa wa Rukwa (Katavi imekuwa mkoa mwaka 2012). Baadaye vikaja vibanda vya video, akawa anatengeneza deki na televisheni zilizoungua. Na kazi hazikumwishia, maana kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta, nje ya gridi ya Taifa. Halafu zikaja simu.

"Laptopu ni simu ya kukunja iliyonenepa," akaniambia. Nikacheka, yeye hakucheka. Simu zile za kufungua na kufunga, miaka ya 2000, zilikuwa na utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba. Ukifungua na kufunga kila siku, utepe unachoka, kioo kinazima. Alitengeneza nyingi mno. Laptopu ilipomfikia mezani, ugonjwa alikuwa anaujua tayari.

Akaendelea na vipimo. Tukaiunganisha na televisheni ya kibanda cha jirani: picha ikaja safi, hukumu ya mazabodi ikafutwa. Akaanza kufunga kifuniko polepole. Kilipofika nusu, mwanga ukapiga mara moja ukazima. "Bawaba," akasema. Akanieleza na nyingine: kingekuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika, kioo kimepasuka, hakitengenezeki, ni kubadilisha. Mistari inayotoka na kurudi ukikigusa, angalia utepe kwanza.

Akazima, akachomoa betri, akafungua fremu. Kweli, penye bawaba waya mmoja wa taa ulikuwa umekatika. Akaurukia kwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, akauchomelea, akaufunika kwa selotepu. Ilichukua saa moja na nusu. Akanitoza shilingi elfu kumi.

Nilirudi nyumbani nikaifungua mbele ya mama. Hakuelewa habari ya utepe wala fuwele, aliuliza tu, "Kwa hiyo hatuuzi?" Hatuuzi mama.

Tunapenda kusema marufuku ya 1974 ilituchelewesha, na mimi nakubali. Ila kwenye madaftari yetu tunaishia kwenye sera. Hatuandiki kwamba wako watu waliofika kwenye kompyuta kwa kupitia redio, video na simu, bila darasa, na wanajua kuuliza kabla ya kuhukumu. Yule wa mjini ana vifaa vyote, lakini hakuuliza hata swali moja. Mimi mwalimu mtarajiwa nimejiuliza, ni wanafunzi wangapi nitawaambia "mazabodi imekufa" wakati ni waya mmoja tu?

Ripoti nimekabidhi, flashi nimenunua. Kioo chako kikizima, kabla hujalia, mulika tochi. Tuonane kwenye semina.