Mchora Ramani, Msanifu au Mbunifu?

Wengi wetu humwita mtaalamu wa majengo "mchora ramani". Jina hilo lataja kalamu tu, likaacha elimu na dhamana. Marehemu Beda Amuli alisomea fani hiyo Haifa, Israeli; Soko la Kariakoo alilolibuni, lililofunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa paa la kukinga maji ya mvua. Hiyo si kazi ya mchoro pekee. Leo Chuo Kikuu Ardhi hufundisha fani hiyo hapa nchini, na Sheria ya mwaka 2010 yamtaka mhitimu asajiliwe kabla ya kuitenda kazi.

Kamusi husema "msanifu majengo". Bodi ya Usajili, "mbunifu majengo". Katika hati za sheria tufuate la Bodi. "Mchora ramani" asiandikwe mkatabani: jina hilo halimtaji mwenye kujibu nyumba ikianguka.