Jidaigeki: Anime ya Enzi Si Lazima Iwe ya Kihistoria

Mwombe kijana anayejaza muvi kwenye flashi akuwekee "anime za kihistoria". Utarudi nyumbani na Vinland Saga, Rurouni Kenshin, Kingdom na Samurai Champloo, na katikati yao Hotaru no Haka, ile filamu ya ndugu wawili na njaa ambayo wengi wanaijua kama Grave of the Fireflies. Akiwa mkarimu atakuongezea Attack on Titan, kwa kuwa ina ngome na farasi. Usimlaumu. Lebo tuliyonayo ni moja, na kila chenye upanga au kofia ya chuma huingia humo. Wajapani wenyewe hawaviweki vitu hivi pamoja. Wana istilahi zao, na ya kuanza nayo ni jidaigeki.

Neno hilo lina viungo viwili: jidai, yaani enzi au kipindi, na geki, mchezo wa kuigiza. Lilishika katika filamu za Japani miaka ya 1920, likawa jina la hadithi zinazotokea kabla ya Urejesho wa Meiji wa 1868, mwaka ambao utawala wa mashogun, watawala wa kijeshi, ulianguka na madaraka yakarudishwa kwa jina la mfalme. Mwaka huo ndio ua. Hadithi za upande wa huku wa ua huitwa gendaigeki, tamthilia za zama zetu. Ndani ya jidaigeki kuna tawi la mapigano ya panga, chambara, jina lililotokana na tanakali ya sauti ya vyuma vikigongana.

Tulitafsiri vipi? Njia nyepesi ni kulichukua neno kama lilivyo. Silabi za Kijapani huishia kwa irabu kama zetu, ndiyo maana anime iliingia bila kuomba ruhusa na sasa tunasema anime hii, anime hizi. Manga nayo iliingia, ingawa ilikuta jina limeshachukuliwa na pilipili. Lakini jidaigeki ina kikwazo cha sikio. Mswahili akisikia jidai hasikii enzi, anasikia kujidai. Ukimwambia mtu unaangalia jidaigeki, atadhani ni tamthilia ya watu wenye majivuno, na kwa samurai wengine hatakuwa amekosea sana.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka: anime ya kihistoria. Hii naipinga. Neno "kihistoria" kwa Kiswahili linaahidi kwamba jambo lilitokea. Jidaigeki haiahidi hivyo. Inaahidi mavazi, mitaa, vyeo na sheria za enzi fulani. Mengine ni ya mtunzi. Samurai Champloo ya Shinichiro Watanabe, ya mwaka 2004, iko katika enzi ya Edo, lakini midundo yake ni ya hip hop, kuna vijana wanaochora grafiti ukutani, na kuna sehemu nzima ambamo wahusika wanacheza besiboli na Wamarekani. Hata jina lake ni neno la Okinawa lenye maana ya kuchanganya. Ukiiita ya kihistoria umemdanganya mtazamaji, na pengine umemwonea mwongozaji, kwa maana alivuruga historia makusudi. Itazame. Sehemu zake ni 26 na hazichoshi.

"Ya kale" nayo haifai. Inatupeleka kwenye hapo zamani za kale, kwa sungura na fisi. "Ya zama" inanukia kitabu cha shule, Zama za Mawe na Zama za Chuma. Mimi nachagua anime ya enzi. Enzi kwa Kiswahili ni kipindi na ni mamlaka pia: tunasema enzi za mkoloni, enzi za Mwalimu, kiti cha enzi. Wajapani nao huhesabu vipindi vyao vingi kwa mahali mamlaka yalipokaa. Kamakura, Muromachi na Edo zote zilikuwa makao ya serikali za mashogun kabla ya kuwa majina ya enzi.

Ua wa 1868 unaonekana vizuri zaidi kwa anayesimama juu yake. Rurouni Kenshin inatokea Tokyo mwaka 1878, miaka kumi baada ya Meiji na miwili baada ya serikali kupiga marufuku kubeba panga hadharani. Kenshin, muuaji wa zamani aliyeapa kutoua tena, anatembea na upanga ambao makali yake yamegeuzwa upande wa mgongo. Kila polisi akimsimamisha, ni sheria ya enzi mpya inayomsimamisha mtu wa enzi iliyokufa. Ukihesabu miaka, si jidaigeki. Ukitazama kiuno chake, ni jidaigeki tupu. Mfululizo wa miaka ya 1990 ni mrefu na una utani mwingi wa kitoto. Asiye na muda aanze na Tsuioku-hen ya 1999, sehemu nne tu, inayorudi Kyoto ya miaka ya 1860 kuonyesha jinsi kijana yule alivyofanywa muuaji wa kisiasa. Haina utani kabisa.

Kuhusu Kingdom nitasema kwa kifupi. Wajapani huziita vurugu zao za karne ya 15 na 16 sengoku, nchi zinazopigana, na jina hilo walilitoa China, ambako madola saba yalipigana mpaka Qin ilipoyameza yote mwaka 221 kabla ya Kristo. Kingdom inakupeleka kwenye sengoku ile ya asili: yatima mtumwa anayetaka kuwa jenerali, na mfalme kijana atakayekuwa kaizari wa kwanza. Msimu wa kwanza, wa 2012, una vikaragosi vya kompyuta vinavyotembea kama mbao. Vumilia.

Kabla ya jidaigeki kulikuwa na kitu cha zamani zaidi, gunki monogatari, masimulizi ya vita. Maarufu kuliko yote ni Heike Monogatari, kuhusu ukoo wa Taira uliopanda hadi kileleni na kuangamizwa na Minamoto katika vita vya 1180 hadi 1185, vilivyoishia baharini Dan-no-ura, ambako mfalme mtoto alizama pamoja na watu wake. Masimulizi hayo yalienezwa na watawa vipofu waliokuwa wakiyaghani huku wakipiga biwa, ala ya nyuzi yenye nasaba ya mbali na udi wetu wa taarabu. Hapa Kiswahili hakina haja ya kubuni neno. Tunao utenzi wa vita. Hemedi bin Abdallah aliandika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kuhusu vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani, na uliandikwa uimbwe, usikike. Tofauti ipo, na mwenye kutafsiri aitaje: utenzi wetu ni ushairi wa vina na mizani, Heike kwa sehemu kubwa ni nathari ya kughani. Lakini kazi yake katika jamii ni ileile, kuwataja waliokufa kwa majina mbele ya walio hai. Naoko Yamada aliitengenezea studio ya Science SARU anime ya sehemu 11 mwaka 2021, The Heike Story, akamweka ndani yake msichana mpiga biwa aitwaye Biwa mwenye uwezo wa kuona yajayo. Anajua wote watakufa na hawezi kuzuia chochote, na mtazamaji naye yuko vivyo hivyo. Kama utaangalia moja tu kati ya zote ninazozitaja, iwe hii.

Sasa vita. Katika vibanda vya video, "picha la vita" maana yake ni watu kupigana, na stelingi hafi. Hotaru no Haka ya Isao Takahata, ya 1988, inamuua stelingi kabla hujakaa vizuri. Dakika ya kwanza mvulana anatuambia usiku aliokufa, 21 Septemba 1945, mwezi mmoja baada ya Japani kusalimu amri. Kinachofuata ni namna yeye na dada yake mdogo walivyofika hapo baada ya Kobe kuchomwa kwa mabomu ya moto. Hakuna askari anayepiga risasi. Ndiyo maana napendekeza tutenganishe viambishi: anime ya kivita ni ile ya mapigano, kama tunavyosema zana za kivita, anime ya vita ni ile ambayo vita ndiyo habari yake, hata kama hakuna bunduki. Filamu hii ni ya vita na si ya kivita. Takahata, ambaye akiwa mtoto alinusurika shambulio la anga la Okayama, alikataa pia isiitwe filamu ya kupinga vita. Hakutaka iwe mahubiri.

Kuna Hadashi no Gen ya 1983, iliyotokana na manga ya Keiji Nakazawa, mtoto wa Hiroshima aliyempoteza baba yake bomu la atomiki lilipoanguka. Dakika zake za mlipuko ni ngumu kuliko chochote katika orodha hii, msimwekee mtoto. Na kuna Kono Sekai no Katasumi ni ya 2016, ya mwanamke kijana aliyeolewa Kure, mji wa bandari ya jeshi la majini, anayepika kwa majani ya porini mgao unapopungua. Ni nzuri mno, ila anime za vita za Japani zina tabia moja ya kusema wazi: vita huonekana vikija kutoka angani, kwa raia wa Japani. Korea na China, ambako jeshi lao lilikuwa ardhini, huonekana kwa nadra.

Haikuanza hivyo. Filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji Japani, Momotaro: Umi no Shinpei ya Aprili 1945, ililipiwa na jeshi la majini. Ndani yake wanyama wa kisiwa cha kusini wanafundishwa silabi za Kijapani kwa wimbo mtamu, kisha wanajeshi wanashuka kwa miavuli kuwashambulia wazungu. Wimbo huo unaeleza ukoloni kuliko vitabu vingi, na aliyeutunga hakukusudia. Osamu Tezuka, aliyekuja kuwa baba wa manga za kisasa, aliitazama akiwa kijana ikamgusa.

Vinland Saga, ya Waviking, haiko Japani, kwa hiyo si jidaigeki, na ndiyo pekee niliyo tayari kuiita ya kihistoria bila kusitasita sana. Knútr aliyetawala Uingereza kuanzia 1016 alikuwepo. Thorkell mrefu alikuwepo. Askeladd hakuwepo, na ndiye mhusika bora. Msimu wa 2019 ni wa kivita. Ule wa 2023 uko shambani, watumwa wakifyeka msitu, na vijana wengi waliukimbia wakidai hakuna kinachotokea.

Inayonishinda ni Golden Kamuy. Iko Hokkaido baada ya vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905. Shujaa wake ni askari aliyenusurika mapigano ya Kilima cha 203 katika vita hivyo, mwenzake msichana wa Kiainu, watu wa asili wa Hokkaido, na lugha ya Kiainu ndani yake ilisimamiwa na mwanaisimu Hiroshi Nakagawa. Imevuka ua, kwa hiyo si ya enzi. Vita vimekwisha, kwa hiyo si ya kivita. Nusu ya muda watu wanapika nyama ya porini, nusu nyingine wanawinda wafungwa waliochorwa tatuu za ramani ya dhahabu. Yule kijana wa flashi aiweke popote, mradi asiisahau.